Ng'ombe Asiyeshika Mimba: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kumpeleka Vingunguti

Machinjio ya Vingunguti yako mwendo mfupi kutoka Buguruni, nayo ndiyo mwisho wa safari ya ng'ombe wengi wanaoingia Dar es Salaam kwa njia ya mnada wa Pugu. Miongoni mwao huwamo pia ng'ombe wa maziwa wa papa hapa mjini, waliouzwa na wenyewe kwa sababu moja tu: wameonekana kuwa ni tasa. Mwenye ng'ombe amengoja mwaka mzima, amelipia uhimilishaji mara mbili au tatu, amenunua pumba na mashudu kila wiki, na maziwa yamepungua hadi kukatika. Mwishowe huona kwamba bei ya nyama ni afadhali kuliko hasara ya kila siku.

Lakini ng'ombe huyo akisha kuchinjwa, hutokea mara nyingine kwamba kizazi chake kinaonekana kizima kabisa. Na hutokea pia kwamba ndani yake mna ndama. Haya si maneno ya wachinjaji peke yao. Mwaka 2015 wataalamu wa mifugo walichapisha utafiti uliofanywa katika machinjio ya Tanga, wakitahadharisha juu ya kuchinjwa kwa ng'ombe wenye mimba. Kwa mwanachama mwenye ng'ombe mmoja au wawili, kosa la namna hiyo ni sawa na kuuza shamba siku chache kabla ya mavuno.

Utasa wa kweli upo, lakini ni nadra. Ng'ombe wengi wanaoitwa tasa ni ng'ombe wenye njaa, au wanaosumbuliwa na hari, au ambao joto lao lilikuja na kupita bila mtu kuliona. Yafaa makatibu na wanachama waelewe jinsi utafiti ulivyolithibitisha jambo hilo, na jinsi daftari la chama linavyoweza kuokoa ng'ombe ambaye dawa haikumwokoa.

NG'OMBE WA MJINI NA HESABU YAKE

Katika miaka ya 1970 na 1980 kiwanda cha Tanzania Dairies cha Ubungo kilitengeneza maziwa kwa kuchanganya unga wa maziwa na mafuta ya siagi yaliyotoka nchi za nje kama msaada. Maziwa ya mjini hayakutosha, na mshahara wa mtumishi ulikuwa ukipungua nguvu mwaka hata mwaka. Kwa sababu hizo wakazi wengi wa jiji, wakiwamo watumishi wa serikali na wa mashirika, walijenga mabanda nyuma ya nyumba zao na kuanza kufuga ng'ombe wa chotara.

Leo mabanda mengi yamesogea pembezoni, kama vile Kitunda, Pugu, Chanika na Kigamboni, kwa kuwa mitaa ya ndani imejaa nyumba. Hata hivyo Buguruni haijaachana na ng'ombe. Soko lake hutoa mabaki ya mboga na maganda ya ndizi. Barabara ya Uhuru, inayoiunganisha na Kariakoo, hupita kwenye kiwanda cha bia cha Ilala ambako machicha hutoka. Ukishika barabara ya Mandela kuelekea Temeke unafika Veterinari, mahali palipopata jina lake kutokana na maabara ya mifugo iliyopo hapo.

Mfugaji wa mjini hana malisho. Kila kinachoingia kinywani mwa ng'ombe wake kimenunuliwa au kimebebwa kichwani kutoka mbali. Chukulia mwanachama anayempa ng'ombe wake kilo 4 za pumba na mashudu kwa siku. Joto moja likipita bila kuonekana, atangoja siku 21 nyingine, na katika siku hizo ng'ombe atakula kilo 84. Yakipita majoto sita, hizo ni siku 126 na kilo 504, mbali na majani na maji. Chakula hicho chote huliwa na ng'ombe ambaye maziwa yake yanazidi kupungua, wala hana ndama tumboni.

Hesabu ya uzazi yenyewe si ngumu. Ng'ombe hubeba mimba kwa siku 280 hivi. Ili azae kila baada ya siku 365, inampasa ashike mimba ifikapo siku ya 85 baada ya kuzaa. Kizazi huhitaji kati ya siku 30 na 45 kurudia hali yake, na kwa kawaida ng'ombe hapandishwi kabla ya siku ya 50 au 60. Nafasi iliyobaki ni ya wiki chache, yaani joto moja au mawili. Tafiti zilizofanywa kwa wafugaji wadogo wa Tanzania zimeonyesha mara kwa mara kwamba muda kati ya uzao na uzao huzidi siku 400. Penye hari na majani haba, siku 400 bado ni kazi nzuri. Zinapofika 500 na kuendelea, mfugaji anamlisha ng'ombe badala ya ng'ombe kumlisha yeye.

SIKU ISHIRINI NA MOJA

Ng'ombe mwenye afya na shibe, asiye na mimba, huingia joto kila baada ya siku 21. Siku 18 hadi 24 ni za kawaida. Chanzo cha mzunguko huo ni ovari mbili zilizo kando ya kizazi, kila moja ndogo kuliko yai la kuku. Juu ya ovari huota kifuko cha maji ambamo yai hukua. Kifuko hicho kikikomaa hutoa homoni iitwayo istrojeni, nayo ndiyo inayombadilisha ng'ombe tabia. Mabadiliko hayo ndiyo wafugaji wanayoyaita joto.

Joto likisha kwisha, baada ya saa 10 hadi 12 hivi, kifuko hupasuka na yai hutoka. Mahali kilipopasuka huota kinundu cha rangi ya manjano. Kinundu hicho hutoa homoni nyingine, projesteroni, ambayo kazi yake ni kukituliza kizazi na kukiandaa kupokea mimba. Maadamu projesteroni ni nyingi mwilini, kwa kawaida ng'ombe haingii joto.

Ifikapo siku ya 16 au 17 jambo moja kati ya mawili hutokea. Ikiwa mimba imetunga, kiinitete hupeleka ishara kwa kizazi, na kinundu hubaki kikiendelea na kazi yake. Ikiwa hakuna ishara, kizazi hutoa homoni ya prostaglandini ambayo hukiyeyusha kinundu. Projesteroni hushuka, kifuko kingine hukomaa, na joto hurudi. Mpango mzima wa uzazi wa ng'ombe umejengwa juu ya kupanda na kushuka kwa projesteroni. Atakayeweza kuipima atajua yanayotendeka ndani ya kizazi bila kumpasua ng'ombe.

UTAFITI ULIVYOFIKA KWENYE CHUPA YA MAZIWA

Afrika Mashariki ina historia ndefu katika kazi hii. Huko Kabete, Kenya, mtafiti James Anderson alianza katika miaka ya 1930 kuchunguza mbegu za madume na uhimilishaji, na mwaka 1944 alichapisha matokeo ya uchunguzi wake juu ya joto la ng'ombe wa zebu na wa chotara. Mwaka 1946 kikaanzishwa hapo Kabete kituo kikuu cha uhimilishaji cha Kenya. Mwaka 1949 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba gliserini huziwezesha mbegu kugandishwa bila kufa, na kwa njia hiyo mbegu za dume mmoja zikaweza kusafirishwa mbali na kutunzwa miaka mingi. Tanzania ina kituo chake cha taifa cha uhimilishaji huko Usa River, mkoani Arusha, ambacho mbegu zake huhifadhiwa ndani ya naitrojeni ya maji yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sifuri.

Lakini mbegu bora hazina faida zikiwekwa siku isiyo yake. Kupima projesteroni kuliwezekana baada ya Rosalyn Yalow na Solomon Berson wa Marekani kubuni, katika miaka ya 1950, njia ya kupima homoni chache mno kwa kutumia mionzi. Yalow alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1977. Berson alikuwa amekwisha kufariki. Mwaka 1971 watafiti wa Uingereza, Laing na Heap, walionyesha kwamba projesteroni hupatikana pia katika maziwa, wala si katika damu tu, na kwamba kipimo chake chaweza kuonyesha kama ng'ombe ana mimba. Baadaye Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki lenye makao yake Vienna yalishirikiana kuzisaidia maabara za nchi zinazoendelea, za Afrika zikiwamo, kufanya vipimo hivyo.

Kwa upande wa Tanzania, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilichoanzishwa Morogoro mwaka 1984 kilibeba sehemu kubwa ya kazi hii kupitia wataalamu wake wa mifugo. Walichunguza projesteroni katika ng'ombe wa Mpwapwa waliokwisha kuzaa, na pia waliwafuatilia ng'ombe wa wafugaji wadogo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 juu ya wafugaji wa nyanda za juu za kaskazini ulikuta kwamba uzazi wa ng'ombe wao ulikuwa chini ya kiwango kilichotarajiwa.

Njia yenyewe ni rahisi kueleza. Mtafiti huchukua maziwa kidogo ya kila ng'ombe, kwa mfano mara mbili kwa wiki, na kuyatia katika kichupa chenye dawa ya kuyazuia yasiharibike. Maabara hupima projesteroni ya kila kichupa na kuchora mstari wa kupanda na kushuka kwake. Kisha mstari huo hulinganishwa na maneno ya mwenye ng'ombe: siku aliyoona joto, siku aliyomwita mhimilishaji, na siku alizosema kwamba hakuona kitu.

Hapo ndipo siri hutoka. Katika nchi nyingi zilikofanywa tafiti za aina hii, ng'ombe walioitwa "wasiopata joto" wamegawanyika katika mafungu tofauti. Wapo ambao ovari zao zimelala kweli. Projesteroni haipandi kabisa. Wapo ambao mstari wao unapanda na kushuka kila siku 21 kama inavyotakiwa, ila hakuna aliyeliona joto lao. Wapo pia waliohimilishwa siku ambayo projesteroni ilikuwa juu, yaani hawakuwa kwenye joto hata kidogo, na fedha ya uhimilishaji ikapotea. Na wengine wana mimba tayari. Mafungu yote haya huitwa kwa jina moja la utasa, ilhali kila moja lina tiba yake.

OVARI ZILIZOLALA

Fungu la kwanza ni la njaa. Ng'ombe akisha kuzaa, maziwa hupanda upesi kuliko uwezo wake wa kula. Naye huyatengeneza kwa kuyeyusha mafuta ya mwili wake. Mwili unapozidi kukonda, ubongo hupunguza homoni zinazoziamsha ovari. Ni kama mwili usemao kwamba usioweza kumlisha ndama wa leo usitafute ndama wa kesho.

Wataalamu huupima unene wa ng'ombe kwa alama 1 hadi 5, ambapo 1 ni mifupa mitupu na 5 ni unene uliopita kiasi. Ng'ombe wa maziwa apasa kuzaa akiwa na alama 3 hivi, na asipungue zaidi ya alama moja baada ya kuzaa. Mwanachama asiye na mtaalamu na atazame mbavu na nyonga. Nyonga zikichomoza kama pembe na mbavu zikahesabika kwa mbali, ovari hazitaamka kwa sindano.

Hapa mfugaji wa Dar es Salaam ana hatari yake maalumu. Mabaki ya mboga ya soko la Buguruni na la Kariakoo hulijaza tumbo, lakini sehemu kubwa yake ni maji. Machicha ya bia yana protini nzuri, lakini nayo yana maji mengi na madini yake hayatoshi. Ng'ombe aliyeshiba vitu hivyo peke yake ameshiba kwa macho tu. Hapana budi apate majani ya kutosha, kama mabingobingo, pamoja na pumba, mashudu na jiwe la madini. Kipindi kinachohitaji chakula bora zaidi ni wiki za mwisho kabla ya kuzaa na miezi mitatu ya kwanza baada ya kuzaa. Wafugaji wengi hufanya kinyume: humnyima ng'ombe aliyekaushwa maziwa kwa kuwa haleti fedha, kisha hushangaa anapochelewa kushika mimba.

Ndama naye ana sehemu yake. Ndama aachwaye na mama yake kutwa kucha, akinyonya apendavyo, huchelewesha kurudi kwa joto. Anyonye kwa saa maalumu au anyweshwe kwa ndoo.

HARI YA PWANI

Joto la ng'ombe lisichanganywe na hari ya hewa. Dar es Salaam, hasa kati ya Desemba na Machi, mchana huzidi nyuzi 30 na hewa hujaa unyevu. Ng'ombe mwenye damu ya Ulaya hushindwa kuupoza mwili wake katika hewa ya namna hiyo. Dalili zake ni kula kidogo, kusimama wakati wote, na kuhema. Ng'ombe akivuta pumzi zaidi ya 60 kwa dakika, hari imekwisha kumzidi.

Matokeo yake kwa uzazi ni mawili. Kwanza, joto lake huwa fupi na hafifu, na aghalabu hujitokeza usiku au alfajiri wakati ambapo hakuna anayetazama. Pili, hata mbegu zikikutana na yai, kiinitete cha siku za mwanzo huweza kufa mwili wa mama unapopata joto kali. Dawa ya hari ni banda lenye paa la juu, pande zilizo wazi zipitishe upepo, kivuli, na maji wakati wote. Paa fupi la bati juu ya kuta nne za matofali ni tanuri. Ama maji, ng'ombe akamuliwaye hapa pwani huweza kunywa lita 60 na zaidi kwa siku, na mfugaji anayempa ndoo mbili anakata maziwa na mimba kwa pamoja.

JOTO LISILOONEKANA

Fungu hili ndilo linalouma zaidi, kwa sababu ng'ombe hana ugonjwa wowote. Ng'ombe wa malishoni huonyesha joto lake kwa kusimama apandwe na wenzake. Lakini ng'ombe wa mjini yumo bandani peke yake. Hana mwenzake wa kumpanda, na pengine sakafu ya saruji inateleza. Kwa hiyo alama kubwa ya joto haionekani kamwe, na mfugaji apasa kuzitafuta alama ndogo.

Alama hizo ni hizi: ng'ombe hulia bila sababu, hatulii, husimama na kugeuka huku na huku, hula kidogo, maziwa yake hupungua siku hiyo, uke huvimba kidogo na kuwa mwekundu, na ute safi unaovutika kama uzi, unaofanana na ute wa yai, huning'inia au hugandamana na mkia. Ute wenye usaha au harufu mbaya si wa joto, bali ni dalili ya ugonjwa wa kizazi, na mtaalamu aitwe.

Iko alama nyingine ambayo wengi huipuuza. Siku moja hadi tatu baada ya joto, ng'ombe huweza kutoa damu kidogo ukeni. Damu hiyo haimaanishi kwamba ameshika mimba, wala kwamba hakushika. Inaonyesha tu kwamba joto limekwisha kupita. Kwa mfugaji aliyelikosa joto, damu hiyo ni barua: aandike tarehe, ahesabu, na baada ya siku 16 au 17 aanze kumtazama ng'ombe kwa makini zaidi.

Ng'ombe atazamwe angalau mara tatu kwa siku, kila mara kwa dakika 20 au 30: alfajiri kabla ya kukamua, jioni, na usiku kabla ya kulala. Saa ya kukamua haitoshi, kwa kuwa ng'ombe hufikiria chakula.

Joto likisha kuonekana, kanuni ifuatwayo ni ile iliyotokana na utafiti wa huko Nebraska, Marekani, katika miaka ya 1940: ng'ombe aliyeonekana asubuhi ahimilishwe jioni ya siku hiyo hiyo, na aliyeonekana jioni ahimilishwe asubuhi ya siku ifuatayo. Sababu yake ni kwamba mbegu huhitaji saa kadhaa ndani ya kizazi kabla ya kuwa tayari, na yai likisha kutoka huishi saa chache tu. Mhimilishaji akiitwa siku ya pili yake mchana, aghalabu yai limekwisha kufa.

SINDANO YA KULETA JOTO

Prostaglandini hutengenezwa viwandani, na wanachama huijua kama sindano ya kuleta joto. Ni dawa nzuri mahali pake. Huyeyusha kinundu cha manjano, na joto huja kati ya siku ya pili na ya tano. Lakini kama ovari zimelala kwa njaa hakuna kinundu cha kuyeyushwa, na fedha imetupwa. Na kama ng'ombe ana mimba ambayo mwenyewe hana habari nayo, sindano hiyo huweza kuitoa. Kwa hiyo isichomwe kabla ya mtaalamu kumpima ng'ombe. Kadhalika mwanamke mjamzito na mtu mwenye pumu wasiishike dawa hiyo, kwani hupenya ngozi na kuwadhuru.

DAFTARI LA KATIBU

Maabara ya projesteroni haiko katika kila mtaa, lakini daftari laweza kuwapo katika kila chama. Katibu aandike kwa kila ng'ombe wa mwanachama mambo haya: jina au namba yake, tarehe aliyozaa, tarehe ya kila joto, hata lile lisilohimilishwa, tarehe na saa ya uhimilishaji pamoja na jina la dume, matokeo ya kupimwa mimba, na tarehe anayotazamiwa kuzaa.

Mfano utalifafanua jambo. Ng'ombe amezaa tarehe 1 Machi. Tarehe 10 Aprili, yaani siku ya 40, ameonekana kwenye joto. Ni mapema kumhimilisha, lakini tarehe imeandikwa, na kwa hesabu ya siku 21 joto linatazamiwa tarehe 1 Mei. Siku hiyo mwanachama ameamka alfajiri, ameuona ute, na ng'ombe amehimilishwa jioni. Kati ya tarehe 19 na 25 Mei atazamwe tena. Joto likirudi, mimba haikutunga. Lisiporudi, mtaalamu ampime kwa mkono mwanzoni mwa Julai, mimba ikiwa imepita siku 60. Akiwa na mimba, akaushwe maziwa tarehe 7 Desemba, na atazamiwe kuzaa tarehe 5 Februari. Kutoka uzao hadi uzao ni siku 341. Hakuna dawa iliyonunuliwa. Palihitajika kalamu na macho.

Kila mwezi katibu apitie daftari na kutoa orodha mbili. Orodha ya kwanza ni ya ng'ombe waliopitisha siku 60 tangu kuzaa bila kuonekana kwenye joto. Orodha ya pili ni ya waliohimilishwa zaidi ya siku 60 zilizopita na hawajapimwa. Kisha chama kimwite mtaalamu siku moja kwa ng'ombe wote wa orodha hizo, na gharama ya safari igawanywe. Mwanachama mmoja peke yake huona gharama ya kupima kuwa kubwa. Wakiwa kumi, huwa ndogo kuliko gunia la pumba. Hii ndiyo kazi ambayo ushirika unaiweza na mfugaji wa peke yake haiwezi.

Daftari hufichua pia makosa yasiyo ya ng'ombe. Ikiwa wanachama wengi wanarudia uhimilishaji kwa mtaalamu mmoja, huenda naitrojeni ya mtungi wake imepungua, au mbegu haziyeyushwi katika maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 37 kama inavyopasa. Bila kumbukumbu, lawama yote humwangukia ng'ombe.

ANAYESTAHILI KUONDOLEWA

Wapo ng'ombe ambao kuwauza ni halali. Mtamba aliyezaliwa pacha na dume, kwa zaidi ya 9 kati ya 10, ni tasa tangu tumboni. Asilelewe kwa matumaini ya ndama. Ng'ombe ambaye kizazi chake kimeshikamana kwa ugonjwa wa zamani naye hana tiba ya maana. Aliyehimilishwa kwa wakati wake mara tatu au zaidi bila kushika apimwe kwanza, kisha shauri likatwe. Na aliyetupa mimba asiuzwe kwa mfugaji mwingine, bali apimwe ugonjwa wa kutupa mimba. Ugonjwa huo huambukiza watu: kondo la nyuma lisishikwe kwa mikono mitupu, wala maziwa yasinywewe bila kuchemshwa.

Nje ya hao, kila ng'ombe anayesemwa kuwa tasa ana haki ya kujibiwa maswali manne kabla ya kupelekwa mnadani. Je, ameshiba? Je, banda lake lina upepo na maji? Je, ametazamwa alfajiri na usiku kwa siku 24 mfululizo? Je, amepimwa mimba? Chama kinaweza kuweka desturi kwamba mwanachama asimuuze jike wa maziwa kwa sababu ya utasa mpaka majibu ya maswali hayo yameandikwa katika daftari na kutiwa sahihi na katibu. Ndama aliyekwisha kufika Vingunguti tumboni mwa mama yake harudishwi tena.